Miezi minne na programu ya kutafuta maneno kwa herufi: uzoefu wangu

Jamani nimekuja kuwapa uzoefu wangu na hizi programu za kutafuta maneno, zile unaingiza herufi ulizonazo alafu inakuletea orodha ya maneno yanayowezekana. Hii ninayotumia nina miezi kama minne nayo, jina sitalitaja maana nilizojaribu zote zinafanana sana.

Kitu cha kwanza, na hiki kilinisumbua wiki nzima ya mwanzo, kuna sehemu mbili ambazo ukizichanganya utaona programu mbovu. Moja inatafuta maneno YENYE herufi ulizoandika, yaani yanaweza kuwa na zingine pia, nyingine inatafuta maneno yanayoundwa na herufi zako TU. Mi nilikuwa na vibao vyangu saba vya Scrabble (ule mchezo wa kupanga vibao vya herufi ubaoni kuunda maneno ya pointi) naandika kwenye ile ya kwanza naletewa maneno ya herufi kumi na mbili, nikawa nashangaa nayatoa wapi hayo. Na hiyo ya kwanza nayo ina mambo yake, ukiandika "mba" kuna sehemu unachagua kama unataka zifuatane, inakuletea nyumba, kamba, mbali, au zikae popote, hapo utapata mpaka bima na ubinadamu. Watu wengi hawakioni hicho kitufe na ndo chenye maana kuliko vyote.

Kwenye Wordle, ule mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano ambapo herufi iliyokaa mahali pake inageuka kijani, imenisaidia kweli. Unajua ule mtego wa maneno ya kiingereza yanayoishia "ight", umepata herufi nne za mwisho zote kijani, umebaki na moja ya mwanzo, unajiona umeshinda, kumbe yapo fight, light, might, night, right, sight, tight, eight, hayo tu ni manane na majaribio yote ni sita na ushatumia mengine! Ukiomba orodha inakupa yote manane na wewe unaanza kubahatisha moja moja mpaka unakwisha. Nilichojifunza ni kurudi kwenye ile sehemu ya "yenye herufi" nikaandika f, l, m, s, urefu herufi tano, ikaniletea "films". Hilo sio jibu na nilijua sio jibu, lakini kwa jaribio moja umeyapima manne kati ya yale manane. Toka siku hiyo mtego huo siuogopi tena.

Sasa lalamiko. Programu yangu haikuniambia inatumia kamusi ipi, na kwenye Scrabble hilo ni kubwa mno. Kuna orodha ya Collins inayotumika sehemu nyingi za dunia, ina maneno zaidi ya laki mbili na nusu, na kuna ya Marekani na Kanada ambayo haifiki laki mbili. Mi nilikaa nikakariri maneno yote ya herufi mbili kutoka kwenye programu, nikaenda kucheza na rafiki zangu tuliokubaliana orodha ya Marekani, nikaweka "zo" nikijua nina Z ya pointi 10 kwenye kisanduku cha kuzidisha, wakapinga, tukaangalia, haipo. Iko Collins tu. Nikatoa vibao vyangu na zamu ikapotea, na mchezo ule nilishindwa kwa pointi chache. Iliniuma sana aisee. Baadae ndo nikagundua kuna mahali ndani kabisa kwenye mipangilio unabadilisha kamusi, sasa kitu muhimu hivyo unakifichaje huko? Ilitakiwa kiwe juu kabisa, kabla hata hujaandika herufi.

Na kwa kiswahili ndo nilikata tamaa kabisa. Iko sehemu ya lugha, kiswahili kipo, nikafurahi. Nikaingiza A, A, K, L, M, T, U, ikaniletea tamu, kata, kula, mtu. Haya. Lakini "mtakula" hakuna! Herufi zote saba zimeisha pale, neno ambalo mtoto anayejifunza kuongea analielewa, ila programu hailijui kwa sababu imechukua maneno yalivyo kwenye kamusi, na kwenye kamusi kitenzi kiko kama shina tu. Chukua "soma", weka ni, u, a, tu, m, wa, alafu na, li, ta, me, hapo tayari una maneno 24 na hujagusa kukanusha wala hujasema nani anasomewa. Orodha ya kukariri haiwezi kuyabeba yote hayo, inabidi programu ifundishwe jinsi kitenzi kinavyojengwa. Pia ukiandika ng' yenye alama yake haileti kitu, ng'ombe na ng'oa hazipo kabisa. Na ile ya "yanayoishia na" kwa kiswahili haichuji sana maana karibu kila neno linaishia na irabu, bora uandike silabi mbili mfano "isha" au "ana" ndo inapungua.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Ya kiingereza ingekuwa 4.

Wanaouliza kama sio wizi, mi mchezo ukiwa unaendelea siifungui, tumekubaliana hivyo. Naandika herufi zangu za kila zamu kwenye karatasi, tukimaliza ndo naziingiza. Juzi nilikuwa na A, E, I, N, R, S, T nikaweka "train" nikabaki na E na S mkononi, kumbe kulikuwa na "retains" na "nastier", vibao vyote saba, na hapo unaongezewa pointi 50. Zote mbili nimeshaziandika kwenye daftari.