Cheni ya Taimingi ya 1NZ: Ibadilishwe Lini, na Seti ya Bei Nafuu Inafaa?

Karibuni wadau. Hapa mezani nina seti mbili za cheni ya taimingi, yaani cheni inayofunga krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemu (shafti zinazofungua valvu) zizunguke kwa mpango mmoja. Ni za injini ya 1NZ-FE ya Toyota, ile ya Probox, Vitz na Fielder zilizojaa hapa Nairobi. Moja ni ya Toyota yenyewe. Nyingine ni ya bei nafuu, nimeitoa Grogan, kwenye maduka ya spea hapa Nairobi, na jina lake nimeliziba kwa utepe kwa sababu sitaki kesi. Lakini kabla hujatoa hela, tuulizane: cheni yako imechoka kweli?

Fundi akikwambia gari limefika kilomita laki moja na nusu kwa hiyo tubadilishe, mbishie kidogo. Mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaofanya kazi ya cheni kwenye injini nyingine, ndio wenye ratiba. Subaru za zamani zenye EJ20 hubadilishwa mkanda kwenye kilomita 100,000 hivi. Cheni hubadilishwa kwa dalili. Na hizo kilomita zenyewe, kwa gari lililotoka Japani likiwa limeshatumika, nani atakula kiapo kwamba hazikurudishwa nyuma? Halafu kuna foleni ya Mombasa Road: injini inazunguka saa nzima, dashibodi imeandika kilomita mbili.

Adui wa cheni ni oili mbovu. Tensheni, kile kifaa kinachokaza cheni, husukumwa na presha ya oili, na kila kiungo cha cheni hulainishwa na oili hiyo hiyo. Ikishakuwa tope jeusi, pini za viungo zinalika, kila moja inalegea kidogo tu, na ukizijumlisha zote cheni imerefuka. Ikirefuka hadi kuruka meno, valvu zinakutana na pistoni. Hapo husemi tena habari ya cheni, unatafuta injini.

Sasa dalili. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua boneti, mtu mwingine apige stata, wewe tega sikio upande wa dereva. Ukisikia mkwaruzo kama sarafu ndani ya mkebe, sekunde mbili tatu kisha kimya, tensheni inachelewa kujaa oili, au gia ya VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha taimingi ya valvu injini ikizunguka, imeanza kulegea. Angalia oili, endelea kufuatilia. Mlio ukibaki hata injini ikiwa moto, mambo yameharibika.

Ila usihukumu bado! Toa mkanda wa feni, washa injini kwa muda mfupi sana, maana pampu ya maji nayo inazungushwa na mkanda huo. Mlio ukipotea, shida yako ni alterneta, pampu ya maji au puli, na umejiokolea pesa nyingi. Ukibaki, peleka gari kwenye mashine ya kusoma kodi za hitilafu, zile namba ambazo kompyuta ya gari huhifadhi. P0011 peke yake, yaani taimingi ya kemu imetangulia kupita kiasi, safisha kwanza valvu ya oili ya VVT-i na kichujio chake. P0016, yaani krenki na kemu hazipatani, ikija pamoja na huo mlio, mimi nafungua kava ya cheni.

Haya, seti zenyewe. Sogeza kamera. Cheni ya bei nafuu kwa macho haina neno, na vile viungo vya rangi vya kupangia taimingi vinaonekana vizuri. Shida iko hapa kwenye gaidi, reli ya plastiki ambayo cheni huteleza juu yake: pitisha kidole ukingoni, unaona mabaki ya plastiki yaliyotoka kwenye kalibu? Hiyo ikikatika inashuka moja kwa moja hadi kwenye sampu, karai la oili chini ya injini. Na tensheni, nikiibonyeza na kuiachia, inakwama katikati. Ya Toyota inatoka laini, na meno yake yanashika.

Kwa hiyo seti hii siifungi. Kama mfuko umebana, nunua cheni, tensheni na gaidi zote mbili za Toyota, spoketi, yaani gia zinazobeba cheni, ziache ikiwa meno yake hayajachongoka. Usikubali cheni mpya juu ya tensheni ya zamani. Gharama kubwa ni kazi ya kufungua, na hutaki kuilipia mara mbili. Sili ya krenki badilisha papo hapo, ni ya bei ndogo.

Fundi akimaliza, kabla ya kugusa ufunguo, azungushe krenki kwa spana mizunguko miwili kamili. Viungo vya rangi havitarudi mahali pake, asishtuke. Alama za kwenye spoketi ndizo zinazopaswa kulingana, na krenki ikigoma kuzunguka, asilazimishe.