Uzoefu wangu: duka lilifunga vibaya mashine ya boti yangu, fundi wa Igombe akainusuru

Kwa mwenye boti ya mizigo hapa Mwanza anayekaribia kununua mashine mpya: usikubali ofa ya "kufungiwa bure" kabla hujajua anayefunga ni nani. Mashine yenyewe sina neno nayo. Ni Yamaha ya farasi 15, mguu mfupi (mguu ni ile sehemu inayoshuka majini), inawaka vizuri na vipuri vyake havisumbui. Kilichonitesa ni kazi ya kuifunga, iliyofanywa na vijana wa duka nililonunulia.

Boti yangu hubeba dagaa kutoka Kome kuja mwaloni Kirumba. Vijana walikuja na drili ya betri, wakaweka kipande kinene cha ubao juu ya ubao wa nyuma wa boti, eti mashine isiuchubue, wakaipachika, wakatoboa, wakakaza bolti na kuondoka. Futi sikuiona, penseli sikuiona.

Safari ya kwanza yenye mzigo nahodha alinipigia simu akiwa bado majini. Kila wimbi likiinua nyuma ya boti, mashine inapiga kelele kali na boti inapoteza mwendo, kisha propela inashika maji tena. Boti inavuta upande mmoja tangu imeondoka, mkono umekufa ganzi kwa kuishikilia. Nilichoogopa zaidi ni yale maji ya kupoza yanayotoka nyuma ya mashine: badala ya kutoka kwa nguvu muda wote, yalikuwa yanakatika. Mashine hizi hupozwa na maji ya ziwa yenyewe, yanayovutwa kupitia matundu yaliyo chini, karibu na propela. Mashine ikikaa juu mno, propela inavuta hewa, na mawimbi yakiwa makubwa hata matundu hayo yanaweza kutoka nje ya maji. Ukiendelea hivyo unaunguza mashine. Sasa fikiria izimike katikati ya ziwa, upepo wa kusi umechachamaa, na ndani kuna watu.

Dukani waliniambia nimezidisha mzigo. Niling'ang'ana, wakamtuma kijana mwingine. Yeye akaisogeza mashine kidogo pembeni na kutoboa matundu mapya jirani kabisa na yale ya zamani, kiasi kwamba kati ya tundu na tundu ubao uliobaki haukufika upana wa kidole. Kile kipande cha ubao akakiacha palepale. Nilipoona bolti zinacheza nikamwambia nahodha boti isitoke tena.

Wavuvi walinielekeza kwa mzee mmoja Igombe, fundi wa kuunda boti. Alichofanya kwanza hakikuhitaji hata spana: alichukua ubao mwembamba ulionyooka, akaulaza chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, na kuuvuta nyuma mpaka kwenye mashine. Pale juu ya propela kuna bamba la chuma lililolala kama mkono uliokunjuliwa. Bamba hilo linatakiwa liwe sawa na chini ya boti, au lizidi kwenda chini kwa sentimita mbili hivi. Langu lilikuwa juu kwa sentimita saba, unene uleule wa kile kipande cha ubao. Mashine ya mguu mfupi huhitaji ubao wa nyuma wenye kimo cha sentimita 38 hivi, na wa boti yangu ulikuwa sawa kabisa tangu mwanzo.

Kisha akafungua bolti. Zilikuwa za chuma cha kawaida, zimeshapata kutu, na hazikupakwa gundi yoyote ya kuzuia maji. Akazungusha keekee ndani ya tundu, akatoa unga wa mbao mweusi, akauminya kwa vidole mbele yangu na maji yakatoka. "Mwanangu, ubao huu umeanza kunywa," akasema. Nilikuwa tayari kuambiwa ubao wote unang'olewa. Akasema bado unaokoleka.

Boti ikavutwa nchi kavu, ikafunikwa turubai juu huku pembeni pakiachwa wazi hewa ipite, na hakuigusa mpaka mbao ikakauka. Wengi hawana subira ya hatua hii, na gundi haishiki mbao yenye maji. Baada ya hapo akayapanua matundu yote mabovu mpaka akafika kwenye mbao yenye rangi yake, akachonga vigingi vya mvule. Akapaka epoksi, gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu, nyepesi kwanza ili mbao iifyonze, kisha nzito aliyoichanganya na unga laini wa mbao, na kugongomea vigingi. Alikuwa anakoroga kidogo kidogo, kwa sababu kwa joto letu epoksi ikiwa nyingi kwenye kopo inachemka na kuganda kabla hujaitumia.

Ilipokauka, alitafuta katikati kwa kupima kutoka pande zote mbili, akahakikisha kwa kamba iliyotoka omo, yaani mbele ya boti. Matundu mapya akayaweka mbali na yale aliyoziba. Bolti za stenlesi, washa pana, nati zenye plastiki ndani zisizolegea, na gundi ya boti ya poliyurethani. Silikoni ya madirisha niliyokuwa nayo aliikataa.

Sasa boti inakwenda imenyooka, maji ya kupoza yanatoka bila kukatika, na nahodha haniombi tena dawa ya bega.

Mzee ana upungufu wake. Anaanza kazi anapotaka, risiti hana, na vifaa nilinunua mwenyewe. Epoksi ndiyo iliyoumiza mfuko. Ufundi nililipa shilingi 150,000 na sioni kama nimeonewa. Duka halikurudisha hata senti. Kwa bei ya mashine bado ni wazuri, ila kufunga nawapa alama sifuri.

Kama boti yako tayari ina matundu mabovu, usimruhusu mtu atoboe mengine kando yake. Yazibwe kwanza. Na bolti mpya zikazwe tena baada ya safari za mwanzo, maana mbao hubonyea chini ya washa. Zangu mbili zilikubali karibu robo mzunguko.