Uzoefu wangu: miaka mitatu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Nilifanyiwa upasuaji wa sliivu miaka mitatu na miezi miwili iliyopita, nikiwa na kilo 118 katika kimo cha sentimita 163, presha iliyodhibitiwa kwa vidonge vya aina mbili, na magoti yaliyokuwa yakilalamika kila nilipopanda ngazi. Leo nina kilo 84. Huduma niliyoipata naipa nyota nne kati ya tano, na nimeona nieleze kwa urefu nyota hizo zimetoka wapi, kwa kuwa karibu kila anayeniuliza huuliza habari za kisu tu: je, kinauma, kinachukua muda gani, kinaacha kovu? Kisu ndicho kilichokuwa sehemu nyepesi kuliko zote. Mimi nilikuwa usingizini.

Kwa asiyeufahamu, upasuaji huu hukata mfuko wa chakula kwa urefu wake na kuondoa kiasi cha asilimia 75 hadi 80, kikabaki kimrija chembamba chenye umbo la ndizi. Sehemu iliyoondolewa hairudishwi. Pamoja nayo huondoka eneo linalotengeneza kwa wingi homoni ya ghrelini, ile inayouambia ubongo kwamba tuna njaa, na ndiyo maana miezi ya mwanzo nilikuwa nikisahau kula kabisa. Ndugu yake, baipasi, hutengeneza kifuko kidogo sana juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, hivyo chakula huruka sehemu ya njia yake ya kawaida. Masharti ya kuishi na upasuaji hizi mbili yanafanana kwa mengi, lakini si kwa yote, na nitataja tofauti pale ninapoifahamu vizuri.

Maandalizi yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Nilionana na daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi, mtaalamu wa lishe na mwanasaikolojia, kila mmoja kwa siku yake. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe niliwekwa kwenye mlo wa kalori chache na protini nyingi, ambao nilidhani ni wa kupima kama nina nidhamu, kumbe una kazi yake: ini lenye mafuta husinyaa kwa muda huo, na kwa kuwa limelala juu ya mfuko wa chakula, likiwa dogo daktari hufika anakotaka bila taabu. Anayedanganya katika wiki hizo mbili anamwongezea kazi mtu atakayekuwa ameshika vifaa ndani ya tumbo lake. Nilipoelezwa hivyo sikudanganya.

Upasuaji ulifanyika kwa matundu matano madogo na nililala hospitali usiku wa siku mbili. Jioni ileile nilisimamishwa na kutembezwa kwenye korido, nikachomwa sindano za kuzuia damu kuganda miguuni, na maumivu yaliyonisumbua zaidi hayakuwa ya vidonda bali ya gesi waliyoijaza tumboni ili waone, ambayo hupanda hadi mabegani. Hiyo huisha kwa kutembea. Nilionywa, na ninairudia hapa kwa sababu ni muhimu kuliko yote niliyoambiwa siku hiyo, kwamba homa, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio mtu akiwa amepumzika, na maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua huweza kuwa dalili kwamba mshono unavuja, na kwamba hayo hayasubiri asubuhi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kunywa. Nilipewa kikombe kidogo cha plastiki chenye alama, cha mililita 30, kile cha kunywea dawa, na kazi yangu ya siku nzima ilikuwa kukimaliza na kukijaza tena hadi nifikishe lita moja na nusu. Ukifanya hesabu ni vikombe 50. Nilitega simu iniite kila robo saa, na nilipokosa miito minne mfululizo nilijua jioni kichwa kitauma na mkojo utakuwa wa rangi ya chai. Haiwezekani kufidia maji kwa kuyanywa kwa mkupuo, kwa sababu kimrija hakina pa kuyaweka. Funda moja kubwa tu lilinikaba kifuani kana kwamba nimemeza jiwe. Ningeambiwa nichague ushauri mmoja wa kumwachia mgonjwa mpya, ungekuwa huo wa maji, kwa kuwa wengi wanaorudishwa hospitali katika wiki za mwanzo hurudishwa kwa kukaukiwa.

Baada ya vinywaji vyepesi vilikuja vinywaji vizito, halafu vyakula vilivyosagwa, halafu vyakula laini, na kufikia wiki ya saba au ya nane nikaruhusiwa chakula cha kawaida. Hapo ndipo nilipokutana na yai. Lilikuwa yai moja la kuchemsha. Nililikata robo, nikaitafuna robo ile kama nilivyokuwa nikitafuna maisha yangu yote, yaani mara tano au sita, nikameza, nikaendelea na ya pili. Dakika mbili hazikupita nikahisi kitu kimesimama nyuma ya mfupa wa kifua, mate mazito yakaanza kujaa mdomoni kama povu, pua ikachuruzika, na nikabaki nimeinama juu ya sinki karibu saa moja hadi yote yakarudi. Mtaalamu wa lishe alinicheka kidogo, kwa upole, kisha akanifundisha upya namna ya kula: tonge la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kutafuna hadi liwe uji, kuweka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na kumaliza mlo ndani ya dakika 20 hadi 30 hata kama sahani haijaisha. Akanionyesha pia kwamba mwili wangu hutoa taarifa kabla ya kujaa. Mimi hupata kwikwi moja. Wengine hupiga chafya au hutoa kamasi. Tonge linalofuata baada ya taarifa hiyo ndilo linaloleta sinki.

Sheria ya kutokunywa wakati wa kula iliniudhi mno, na bado inaniudhi. Naacha kunywa mlo unapoanza na kusubiri nusu saa baada ya kumaliza, kwa sababu maji husukuma chakula kishuke upesi, shibe ikaondoka, na mtu akajikuta anakula tena. Katika sahani protini ndiyo hutangulia, gramu 60 hadi 80 kwa siku, kisha mboga, na wanga hupata nafasi iliyobaki, ambayo mara nyingi haipo. Soda nimeiacha kwa sababu gesi yake huuma. Waliofanyiwa baipasi wana adhabu nyingine ambayo mimi nimesamehewa kwa kiasi kikubwa: wakila sukari nyingi hushuka utumbo kwa kasi, na ndani ya nusu saa jasho linawatoka, moyo unadunda na tumbo linaendesha.

Sasa nifike kwenye nyota niliyoizuia. Karatasi ya ruhusa niliyopewa siku ya kutoka ilieleza kwa makini namna ya kutunza vidonda, ambavyo vilipona vyenyewe, lakini haikusema neno lolote kuhusu dawa zangu za presha. Nikaendelea kumeza vidonge vilevile kwa kipimo kilekile huku mwili ukipungua karibu kilo mbili na nusu kwa wiki na maji nikinywa kwa tabu. Wiki ya sita nilinyanyuka kitandani alfajiri, nikafika mlangoni mwa bafu, na kilichofuata ni binti yangu kuniita jina langu akiwa amenishika kichwa sakafuni. Presha ilikuwa imeshuka mno. Kidonge kimoja kikaondolewa siku hiyohiyo na cha pili kikapunguzwa nusu. Mwenye kisukari anapaswa kulichukulia jambo hili kwa uzito zaidi, kwa kuwa sukari yake huweza kuanza kushuka siku chache baada ya upasuaji, kabla uzito haujapungua kwa kuonekana, na insulini au vidonge vya zamani vikabaki vikali kupita kiasi. Nilipolalamika, nilijibiwa kwamba kuratibu dawa ni kazi ya daktari wangu wa kawaida. Daktari wangu wa kawaida alikuwa hajatumiwa hata barua.

Nywele nazo zilinikuta sijajiandaa. Mwezi wa nne zilianza kutoka kwa mafungu kwenye kitana na kuziba tundu la bafu, na nikaamini nimeharibiwa. Mwili ukipata mshtuko mkubwa nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja na kudondoka miezi michache baadaye, vinyweleo havijafa. Zangu ziliacha kutoka mwezi wa nane na kurudi zote, ingawa upungufu wa protini au wa madini ya chuma ungeweza kuirefusha hali hiyo, kwa hiyo vipimo vya damu vilikuwa na maana.

Vitamini ni za maisha yote, na hapa ndipo watu wengi hulegea wanapojiona wamepona. Mimi humeza multivitamini, vitamini B12, vitamini D, madini ya chuma na kalsiamu ya sitireti, ambayo hainyonywi kwa kutegemea asidi nyingi tumboni. Kalsiamu na chuma hazipatani: zikimezwa pamoja zinazuiliana, hivyo nazitenganisha kwa saa mbili au zaidi, chuma asubuhi na kalsiamu kwa vipande mchana na usiku. Nina kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya siku saba, na kisanduku hicho, ambacho mtu yeyote anaweza kukipata, kimenifaa kuliko vifaa vyote vya bei nilivyonunua kwa hamasa ya mwanzo. Anayetapika kwa siku mbili tatu mfululizo asijitibu nyumbani, kwa sababu vitamini B1 huisha mwilini upesi na ukosefu wake huharibu mishipa ya fahamu.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki niliambiwa niziepuke. Kwa waliofanyiwa baipasi katazo ni kali zaidi kutokana na vidonda vinavyoweza kutokea kwenye maungio. Kupungua kwa kasi huzaa vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, nikapewa dawa ya miezi sita ya kuvizuia. Wanawake hushauriwa wasubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba, na ni vyema wajue kwamba uwezo wa kushika mimba mara nyingi hurudi upesi kuliko walivyozoea. Pombe hupanda kichwani haraka na kwa kiasi kidogo, nami niliiacha bila majuto.

Kasoro ya sliivu yenyewe, si ya walionihudumia, ni kiungulia. Kabla ya upasuaji nilikuwa nacho kwa nadra. Sasa nalala nimeinua kichwa cha kitanda, sili chochote katika saa tatu za mwisho kabla ya kulala, na kuna majuma ninayohitaji dawa ya kupunguza asidi kila siku. Daktari aliliuliza suala hili mapema, nami nikalipuuza nikasema ni kidogo tu. Mwenye kiungulia cha kila mara aliseme kwa ukweli kabla ya kuchagua, kwa kuwa mara nyingi baipasi humfaa zaidi.

Uzito wangu ulishuka hadi kilo 79 mwezi wa 16, ukasimama, kisha ukapanda kilo nane. Kilo hizo nazijua kwa majina. Zilikuja kwa vipande vidogovidogo vya vitu laini na vikavu vilivyokolea chumvi au sukari, ambavyo hupita kwenye kimrija bila kuleta shibe, na ambavyo nilikuwa nikividokoa jioni nikiwa na mawazo ya kazi. Njaa ya tumbo iliondolewa na kisu, ile ya mawazo ikabaki. Hapo ndipo kliniki ya ufuatiliaji ilipostahili nyota zake: sikukemewa, niliketishwa na mwanasaikolojia mara nne, nikaandika kila nilichokula na saa niliyokila, na tukaona pamoja kwamba karibu vyote vilikuwa kati ya saa mbili na saa nne usiku. Nikaanza kula mlo mdogo wa nne wenye protini saa moja na nusu jioni. Kilo tatu kati ya hizo nane zikaondoka; tano zilizobaki bado tunaishi pamoja.

Kwa anayelinganisha hospitali, ningemshauri aulize maswali ambayo mimi sikuuliza: ni mara ngapi nitaonwa mwaka wa kwanza na baada ya hapo, vipimo vya damu vinafanywa lini na nani anavisoma, nani anabadilisha dawa zangu nyingine, na usiku nikitapika nampigia nani. Mimi bado huenda mara moja kwa mwaka. Mwezi uliopita akiba yangu ya chuma ilionekana imeshuka, mtaalamu wa lishe akaniuliza vidonge navimeza na nini, nikakiri kwamba nimekuwa nikivisindikiza na chai, ambayo huzuia chuma kunyonywa. Sasa navimeza na maji, kwa kikombe kilekile cha mililita 30.