...And Justice for All ya Metallica: nyimbo kali, besi hakuna (uzoefu wangu)

Vaa hedifoni nzuri, fungulia "Blackened", wimbo wa kwanza wa albamu hii ya Metallica, bendi ya muziki wa metal ya Marekani, subiri yale magita ya mwanzo yaliyogeuzwa kinyumenyume yapite na bendi nzima iingie. Sasa itafute besi. Mimi nimeitafuta kwenye CD, kwenye simu, kwenye redio ya gari, mwishowe nikaipeleka albamu kwa jirani yangu mwenye spika za kutikisa madirisha. Mzee yule ni mtu wa rumba, kwa Franco humtoi. Alisikiliza kidogo, akanyanyuka, akainama nyuma ya spika kuangalia kama kuna waya uliochomoka.

Simlaumu. Sikio lililolelewa na rumba na dansi huanzia chini. Besi ndiyo inayokuonyesha mguu uuweke wapi, magita yanakuja kupamba. Humu chini hamna mtu. Kuna ukuta wa magita ya James Hetfield, kuna ngoma za Lars Ulrich zinazogonga kavu, halafu patupu. Na kinachochekesha ni kwamba mpiga besi mwenyewe, Jason Newsted, ni mmoja wa watunzi wa "Blackened". Jina lake limo kwenye karatasi, vidole vyake huvisikii.

Kwa asiyeijua habari yenyewe: hii ni albamu ya nne ya Metallica, ilitoka 1988, na ndiyo ya kwanza kamili tangu mpiga besi wao Cliff Burton afariki katika ajali ya basi la bendi huko Sweden, Septemba 1986. Burton hakuwa mpiga besi wa kujaza nafasi. Nusu ya akili ya muziki wao ilikuwa kwake. Newsted akachukuliwa kutoka bendi ya Flotsam and Jetsam, akaingia katika nyumba yenye msiba. Wapo mashabiki wanaodai besi ilifichwa kwa sababu kijana alikuwa hawezi. Huo ni uzushi. Sikiliza ile EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya nyimbo za kuazima waliyoitoa 1987, Garage Days Re-Revisited: besi yake inanguruma, tena waziwazi. Flemming Rasmussen, aliyesimamia kurekodi, amesema zaidi ya mara moja kwamba alizisikia kanda za besi na kazi ilikuwa safi sana.

Basi ilikwenda wapi? Steve Thompson, mmoja wa wawili waliochanganya sauti, amesimulia kwamba Ulrich ndiye aliyeagiza besi ishushwe mpaka isikike kwa mbali, kisha ishushwe tena. Hetfield naye amewahi kusema masikio yao yalikuwa yamechoka, maana kipindi kile walikuwa wakikimbia huku na huku kati ya maonyesho na studio. Tena gita lake la rithimu lilijaa kote, na Newsted alikuwa akilifuata noti kwa noti. Mimi nayaamini yote matatu. Nisichokubali ni hii hoja ya siku hizi kwamba ukavu huo ndio "roho" ya albamu. Kasoro ikikaa miaka mingi haigeuki kuwa ufundi. Tumeizoea, basi.

Tukija kwenye nyimbo zenyewe, ni tisa, zaidi ya saa nzima. "One" ndiyo iliyonifikisha hapa, kama ilivyowafikisha wengi. Askari amelipuliwa na bomu la ardhini, hana mikono, hana miguu, haoni, hasikii, hasemi, amebaki na akili peke yake. Inaanza na milio ya vita, kisha gita la upole karibu kama la kubembeleza mtoto. Inapanda taratibu, na baada ya dakika nne na ushei ngoma za miguu za Ulrich zinashikana na gita na kupiga kama bunduki ya rashasha. Hapo, na nasema hapo tu, ule ukavu unafaa: kila risasi unaihesabu. Video yake ya 1989, yenye vipande vya filamu ya Dalton Trumbo ya 1971, ilikuwa ya kwanza kabisa kwa bendi hii. Usiiangalie kabla ya kulala.

"Harvester of Sorrow" ni nzito na haina haraka, na ndiyo fupi kupita zote ukiacha "Dyers Eve" ya mwisho, ambayo kwa kasi yake hata bendi yenyewe haikuthubutu kuipiga jukwaani hadi 2004. "To Live Is to Die" imejengwa kwa vipande alivyoacha Burton, karibu yote haina maneno. Pale katikati magita yanapotulia huwa sigusi simu. Wimbo uliobeba jina la albamu ni mzuri lakini ni mrefu, karibu dakika kumi. Kirk Hammett, mpiga gita mwingine wa bendi, amesema waliuweka kando baada ya ziara ya albamu hii kwa sababu waliona watu wa mstari wa mbele wakianza kupiga miayo. Waliurudia 2007. "Eye of the Beholder" naruka, samahani kwa wenyewe.

Mapokezi yake yananifurahisha kuliko hata baadhi ya nyimbo. Redio hazikuwa na hamu na muziki huu, lakini albamu ilipanda hadi namba 6 kwenye chati ya albamu Marekani, wakati ile iliyoitangulia iliishia 29. Imeshathibitishwa kuuza nakala milioni 8 nchini humo. Kisha zikaja Grammy, tuzo kubwa za muziki za Marekani, za Februari 1989, mwaka wa kwanza wa tuzo ya hard rock na metal. Metallica wakapanda jukwaani, wakapiga "One", kila mtu akajua imekwisha. Tuzo ikaenda kwa Jethro Tull, bendi inayojulikana kwa filimbi, na ambayo haikuhudhuria. Metallica hawakununa kwa muda mrefu. Nakala za albamu zilibandikwa stika inayojitangaza kuwa imeshindwa Grammy. Mwaka uliofuata "One" ikapewa yake.

Sasa ununue toleo gani? Lile la 2018 limesafishwa upya, ngoma na magita yametulia kidogo, lakini besi iko palepale ilipozikwa, hawakutaka kuigusa. Kisanduku kikubwa cha toleo hilo ni cha mshabiki aliyekubuhu mwenye pesa za kuchezea. CD moja inatosha. Matoleo ya mtandaoni ambayo mashabiki wameongezea besi nimeyasikiliza pia. Yanapendeza ukiyasikia mara ya kwanza, kisha unagundua kwamba anayepiga ni mtu mwingine kabisa na Newsted bado hayupo.

Ninachopendekeza ni maonyesho yao ya Seattle ya 1989, yaliyotolewa 1993 ndani ya kisanduku cha Live Shit: Binge & Purge. Wanafungua na "Blackened" ileile, kasi zaidi, na Newsted yuko pale anatikisa nywele, besi inasukuma kifua. Nilipomwekea yule mzee, hakuinamia spika. Alisema kelele ni zilezile, ila hawa angalau wamekuja wote.