Kiti cha Antilop cha IKEA na vikorombwezo vyake: kipi ununue, kipi uache

Antilop, cha kampuni ya samani ya IKEA, ni kiti cha kulia cha mtoto kisicho na mbwembwe: kikalio cha plastiki, miguu minne ya chuma inayochomoka, na mkanda unaopita kiunoni na katikati ya mapaja. Ni cha mtoto anayekaa mwenyewe bila kuegemezwa, yaani miezi 6 hivi, na mwisho wake ni kilo 15. Ni chepesi, kinasafishika, bei yake haiumizi. Kasoro kubwa iko chini: hakina pa kukanyagia.

Mtoto anayening'iniza miguu huteleza mbele, mgongo ukapinda, akaanza kujinyonganyonga. Mzazi hudhani ameshiba. Kwa hiyo cha kwanza kuongeza ni kikanyagio, ambacho hutengenezwa na kampuni nyingine. Mara nyingi ni ubao wa mianzi unaokaa kwenye miguu miwili ya mbele ya kiti na kuzuiwa na raba za silikoni. Mkalishe mtoto, makalio yaguse nyuma, mfunge mkanda, halafu pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Urefu huohuo chini ya kikalio ndipo ubao unapokaa, ili goti likunjike kama kona ya meza na wayo mzima ukanyage. Pima tena kila miezi miwili mitatu. Raba zikipata mafuta ubao hushuka, kwa hiyo ukandamize kwa mkono kabla ya kumpakata mtoto na kumweka. Na ujue hivi: akishapata pa kukanyagia, atataka kusimama. Mkanda usiachwe hata kwa dakika ya kuchukua kijiko. Kiti nacho kikae mbali na ukuta na ukingo wa meza, kwa sababu akisukuma kwa miguu kinaweza kupinduka.

Trei inafaa, ila si kizuizi cha mtoto. Kuitoa ndiko kunakochosha: ukivuta mbele kwa nguvu, kiti kizima kinakufuata. Anza na kona moja kwa chini, ikiachia ndipo uhamie nyingine.

Mto wa kujaza upepo unamsaidia mtoto mwembamba anayeelemea upande. Upulize nusu tu. Ukijaa pomoni unamsukuma mbele. Zulia la silikoni la kutandika juu ya trei tungeliacha. Uji hupenya chini yake na kuchacha.

Mchuzi wenye manjano huacha doa kwenye plastiki nyeupe. Osha kwa sabuni, kisha anika juani saa chache, doa litafifia lenyewe. Usikiache nje wiki nzima, maana jua hilohilo huifanya plastiki iwe ya kukatika. Chunguza pia matundu ya mkanda, ambako ugali hukauka ukawa kama simenti.

Kwa cha mtumba, anza na kifungo cha mkanda: kifunge, ukivute kwa nguvu mara kadhaa. Mwaka 2012 IKEA iliondoa mikanda ya viti vya Antilop vilivyotengenezwa kati ya 2006 na 2009 ili ibadilishwe, kwa sababu ilikuwa inaweza kufunguka yenyewe. Kisha sukuma kila mguu mpaka pini yake ichomoze kwenye tundu. Viti vinavyofanana na Antilop viko vingi, na unene wa miguu haulingani, kwa hiyo pima mguu kabla ya kuagiza kikanyagio.