Uzoefu Wangu: Bati la Nyuma la Volkswagen Beetle Lililofanywa la Kufungua kwa Bolti

Kazi ninayoizungumzia ilifanywa na karakana moja ya bodi katika eneo la Viwandani, Nairobi, na gari lenyewe ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1972 yenye injini ya cc 1300, ambayo hukaa nyuma ya gari. Nilitaka bati lililo chini ya boneti ya nyuma, lile linaloikinga sailensa na kuunganisha ubavu wa kushoto na wa kulia, liwe la kufunguliwa kwa spana badala ya kubaki limechomelewa kama lilivyotoka kiwandani. Kwa anayeuliza kama inafaa, jibu langu ni kwamba inafaa sana kwa mtu ambaye injini ya gari lake hushushwa mara kwa mara. Hata hivyo, faida yake hutegemea zaidi mpira wa kuzibia kuliko ufundi wa kukata, na hilo ndilo jambo ambalo mafundi wengi wa bodi hawalitilii maanani, kwa kuwa jicho lao limezoea kukagua sura ya bati na si njia ya hewa.

Injini ya Beetle imeshikana na giaboksi kwa bolti nne tu, mbili juu na mbili chini, na sifa hiyo imewafanya watu waamini kwamba kuishusha ni mchezo. Ukweli ni kwamba haiteremki moja kwa moja. Lazima kwanza ivutwe nyuma hadi shafti ya giaboksi itoke katikati ya klachi, na inapovutwa hivyo puli na sailensa huwa zimekaribia kuligonga bati la nyuma, kwa hiyo fundi hana budi kuivuta kidogo, kuiinamisha kidogo, kuiteremsha kidogo, huku mwenzake akiangalia isije ikaning'inia kwenye shafti na kuiharibu klachi. Ikishafika chini, nyuma ya gari inahitaji kuinuliwa kiasi cha sentimita 90 hivi kutoka ardhini, ndipo mzigo huo wa zaidi ya kilo 100 upite chini ya bampa. Penye lifti hilo halina neno. Katika karakana nyingi tulizozizoea, ambamo sakafu ni udongo ulioshiba oili na stendi ni vipande vya magogo, kuliinua gari hadi kimo hicho ni hatari kwa anayelala chini yake, na mimi huwakataza vijana wasifanye hivyo kwa gari langu hata wanaponicheka.

Wazo la bati la kufungua si geni. Volkswagen wenyewe waliliweka kwenye Kombi za kati ya 1968 na 1971, ambazo bati lake la nyuma lilifungwa kwa bolti, kisha kuanzia modeli ya 1972 likawa la kuchomelewa. Waingereza walikwenda mbali zaidi kwa Triumph Herald ya mwaka 1959, ambayo pua yake yote, boneti pamoja na madigadi, hufunuka kuelekea mbele na kuiacha injini wazi kabisa. Aliyewahi kuketi juu ya tairi la mbele la gari hilo akibadilisha plagi hubaki akijiuliza kwa nini wengine hawakuiga. Beetle haikupata bahati hiyo. Madigadi yake manne hufunguliwa kwa bolti, boneti zake mbili vilevile, lakini kipande hiki kimoja ambacho fundi wa injini angekihitaji zaidi kimechomelewa.

Fundi alinipa njia mbili. Ya kwanza ni kulikata bati kwa grainda, ukiacha ukingo mwembamba kila upande, kisha kuchomelea ukanda wa bati nyuma ya ukingo huo ili vipande vipishane na kupokea bolti. Ndiyo njia ya haraka, na ndiyo inayofaa pale ambapo kutu imekwisha kula kingo na bati halina la kuokolewa. Ya pili ni kuzitafuta nukta za kuchomelea za kiwandani na kuzitoboa moja baada ya nyingine mpaka bati litoke zima. Nilichagua hii ya pili. Bati langu lilikuwa la asili na halikuwa na kutu ya kutoboka, na bati la asili lililotolewa zima linaweza kurudishwa na kuchomelewa upya siku mwenye gari atakapobadili nia, jambo ambalo haliwezekani kwa bati lililopitishwa grainda katikati.

Nilikaa karakanani kuitazama hatua hiyo kwa sababu ndiyo inayotofautisha fundi na mbahatishaji. Alisugua rangi kwa brashi ya waya kwenye maungio mpaka vikaonekana vishimo vya mviringo vyenye ukubwa wa kifungo cha shati, akavizungushia chaki, akavipiga alama katikati kwa nyundo na msumari mgumu, kisha akatoboa kwa keekee iliyokatwa ncha bapa, akiacha pale tu tabaka la juu linapokatika bila kuligusa la chini. Palipogoma aliingiza tindo nyembamba na kugonga taratibu. Kabla ya kuachia nukta za mwisho alichomelea kwa muda chuma kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, ili bodi isifunguke wala kujibana bati litakapotoka. Sikumwomba afanye hivyo, na ningempa alama zote kwa hatua hiyo peke yake, kwani nimeona Beetle ambazo baada ya kazi kama hii boneti ya nyuma haikukaa tena sawa maisha yake yote.

Kwenye ubavu alichomelea kingo za bati la milimita 1.2, upana wa milimita 25, zenye nati za milimita 6 zilizochomelewa kwa nyuma. Bolti zenyewe huingia kutoka ndani ya chumba cha injini, si kutoka nje, na hilo nililisisitiza mimi. Nairobi ni mji ambao kioo cha pembeni huondoka gari likiwa kwenye foleni, na sikuona sababu ya kumrahisishia mtu kazi ya kubeba bati zima. Kwa mpangilio huu, boneti ikiwa imefungwa kwa ufunguo, hakuna bolti inayofikiwa. Fundi alikuwa amependekeza vifungio vya robo mzunguko kama vile vya magari ya mashindano, ambavyo hufunguka kwa bisibisi mara moja. Ni vya haraka kweli, ila havibani kwa nguvu ya bolti, na kwenye bati ambalo linatetemeshwa na injini na kuchomwa na joto la sailensa mimi sivitaki.

Malalamiko yangu yanaanzia kwenye mpira. Injini hii haina rejeta. Feni huvuta hewa baridi kutoka chumba cha injini na kuisukuma kwenye silinda, na hewa hiyo ikishapashwa joto hutokea chini ya gari. Mabati yanayoizunguka injini pamoja na mpira unaokaa kwenye mfereji wa bodi ndiyo ukuta unaotenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Ukuta ukipasuka, feni huanza kuvuta hewa ileile iliyokwisha kupita kwenye silinda na kwenye ekzosi, na injini hupikwa polepole bila taa yoyote kuwaka. Bati la nyuma ni sehemu ya ukuta huo, kwa kuwa kwenye ukingo wake wa juu ndipo mfereji wa mpira unapopita. Ukilifanya la kufungua, umeukata mfereji katika pembe mbili, kushoto na kulia, na pembe hizo ndizo zinazovuja.

Gari lilikabidhiwa kwangu likiwa linang'aa na pembe zote mbili zikiwa wazi. Kipimo changu ni rahisi na hakihitaji chombo: usiku, weka taa sakafuni chini ya injini, zima taa nyingine zote, kisha chungulia kutoka juu boneti ikiwa wazi. Kila penye mwanga ndipo hewa moto inapopita. Kwangu mwanga ulitokea kwenye pembe kama kidole kizima, na upande wa kulia ulifuata ukingo wa bati hadi karibu na bolti ya pili. Nilikwisha kuhisi kuna kasoro hata kabla ya kipimo hicho, kwani nilipopandisha barabara ya Mai Mahiu kuelekea Limuru mshale wa joto la oili ulipita pale ulipozoea kusimama kwenye mlima huo. Fundi alibisha mwanzoni kwamba kwa uwazi mdogo vile injini haiwezi kujua, akanielekeza niinue boneti kidogo kwa vipande vya chuma ili hewa zaidi iingie, kama wafanyavyo vijana. Boneti iliyoinuliwa haizibi tundu la chini, na ilibidi nimwoneshe mwanga kwa macho yake ndipo aache ubishi.

Baada ya hapo alifanya kazi nzuri. Alirefusha mfereji kwa ulimi mdogo wa bati uliochomelewa kwenye ubavu, ukapishana na mfereji wa bati la nyuma, na mpira ukawekwa mmoja mrefu usio na maungio kwenye pembe. Unapofungua bati unauchomoa upande wa nyuma tu, huku pande nyingine zikibaki mahali pake. Kati ya bati na kingo mpya aliweka ukanda mwembamba wa mpira usionyonya maji. Awali alikuwa ameweka sponji ya kawaida ya viti, ambayo huzuia kelele vizuri sana kisha hukaa na maji ya mvua na kuleta kutu palepale ulipotumia fedha kuiondoa. Joto la oili limerudi katika kiwango cha zamani, mlimani na kwenye foleni.

Upatikanaji wa injini sasa ni wa aina nyingine kabisa. Boneti hutoka kwa bolti za bawaba na waya wa taa ya namba, bampa hutoka pamoja na vishikio vyake, ambavyo vimefungwa kwenye bodi ndani ya madigadi na havitegemei bati hili, kisha bati lenyewe, na injini huvutwa nyuma juu ya jeki ya magurudumu ikiwa katika kimo chake ilipo. Gari linahitaji kuinuliwa kiasi cha jeki kupenya tu. Sailensa, ambayo zamani ilikuwa ya kulaliwa chali huku kutu ikikudondokea machoni, hubadilishwa mtu akiwa ameketi kwenye kigoda. Vilevile bati la injini lililo juu ya sailensa na skrubu zake sasa vinaonekana.

Yapo ambayo hayakubadilika. Bolti mbili za juu za giaboksi ziko nyuma ya nyumba ya feni, na mkono bado unapita palepale padogo ukipapasa bila kuona. Vali hurekebishwa kutoka chini kama kawaida, injini ikiwa baridi. Mtu ambaye shida yake ni plagi, kabureta na mkanda wa feni asilipe hata shilingi kwa kazi hii, kwa sababu vyote hivyo hufikiwa kupitia boneti.

Kuhusu gharama, rangi ilizidi bati. Ufunguaji na uchomeleaji ulikuwa wa bei ya kawaida, lakini bati lilipotoka ilibidi ubavu wote wa nyuma upakwe praima na kupuliziwa rangi upya ili usitofautiane, na rangi ya zamani ya Volkswagen kulinganishwa ni kazi ya mtu mwenye subira. Anayepanga kazi hii aiunganishe na upakaji rangi wa gari zima kama anao katika mipango yake. Na mwenye Beetle safi ya asili anayewaza kuiingiza katika Africa Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako majaji hukagua hadi chini ya gari, mimi ningemshauri aliache bati lake lilivyo na atafute karakana yenye lifti.

Kasoro moja imebaki. Kitasa cha boneti kiko kwenye boneti, lakini kishikizo chake kimefungwa kwenye bati la nyuma, kwa hiyo bati likisogea milimita mbili wakati wa kulirudisha, boneti hugoma kufunga au hufunga ikiwa imelegea na kugongagonga kwenye barabara mbovu. Matundu ya bolti yana nafasi kidogo, na mafundi wawili tofauti hulirudisha bati katika sehemu mbili tofauti. Dawa yake ni pini mbili za kuelekeza, moja kila upande, zinazolazimisha bati likae mahali pamoja kila mara, na zingepaswa kuwekwa boneti ikiwa imefungwa na bati likiwa limebanwa kwa klempu, kabla nati hata moja haijachomelewa. Fundi amekubali kuziongeza bila malipo. Itambidi akwangue rangi mpya pembeni ili azichomelee, na gharama ya kuirudisha rangi hiyo tumekubaliana kwamba ni yake.