Geji ya vakyumu na Land Rover ya baba: uzoefu wangu hapa Tabora

Geji hii, inayopima jinsi injini inavyovuta hewa, ninayo mwezi wa tatu sasa. Naandika kwa ajili ya wenzangu ambao bado wanaendesha magari ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Niliinunua shilingi 45,000. Ni saa ya mshale yenye mpira na vichwa vitatu vya kuunganishia, pamoja na karatasi ya maelezo ambayo nitairudia, maana nusura itupoteze.

Gari ni Land Rover Series III, ile 109, injini ya petroli ya lita 2.25. Aliniachia marehemu baba, aliyebebea mizinga na ndoo za asali kutoka porini Sikonge miaka mingi. Siko tayari kuiuza wala kuiacha iozee chini ya mwembe. Kwa hiyo menifoldi ya kuingizia hewa (bomba linalogawa hewa kwenda kwenye silinda) ilipokatika sikio, pale kabureta inapokalia, niliagiza nyingine iliyotumika kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Fundi aliifunga na gasketi mpya asubuhi moja tu.

Barabarani ilikwenda vizuri. Ukikanyaga mafuta inavuta kama zamani, lakini ukiiacha sailensi, yaani injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza, inamisi, kisha inazima. Ukipandisha sailensi kwa skrubu haizimi tena, ila inaunguruma kwa hasira na kutetemeka kuko palepale.

Wiki mbili tuliisumbua kabureta bure. Ilifunguliwa na kuoshwa mara mbili, tukabadili plagi, kondensa na pointi za distributa. Hakuna kilichobadilika. Kitu kimoja tu kilinikaa kichwani: plagi mbili za nyuma zilitoka nyeupe, dalili ya hewa kuzidi petroli, za mbele zina rangi ya kahawia kama inavyotakiwa. Kabureta ni moja na inalisha silinda zote nne. Ingekuwa yenyewe ndiyo mbovu, kwa nini ziungue mbili tu?

Hapo ndipo nikanunua geji. Fundi wetu ni mtu mzima, rika la baba, namwita baba mdogo. Nikamwambia, "Baba mdogo, naomba leo kabureta tuiache kwanza." Akanijibu, "Haya mwanangu, leta hicho kisaa chako tukione."

Tulichomoa mpira wa sevo ya breki (kifaa kinachotumia mvuto wa injini kurahisisha breki) kwenye menifoldi, tukachomeka geji palepale. Hilo lenyewe lilitupa jibu la kwanza: sevo imetolewa na injini bado inatetemeka, basi hewa haiingilii kwenye sevo. Mshale ukacheza kati ya 9 na 11, hautulii.

Karatasi inasema injini isiyo na ugonjwa, ikiwa sailensi, husoma inchi 17 hadi 21 (inchi za zebaki, ndicho kipimo cha geji). Hiyo ni kwa walio usawa wa bahari. Tabora tuko kama mita 1,200 juu, na kila mita 300 hivi zinapunguza inchi moja, kwa hiyo huku kwetu tarajia 13 hadi 17. Aliye Kigoma mjini, kando ya ziwa, yuko kama mita 800, apunguze mbili na nusu. Karatasi haisemi neno juu ya hili, na naona ni kasoro kubwa. Mtu anaweza kupasua injini nzima akitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Hata hivyo 9 ni chini mno, hata kwa Tabora. Tulisubiri injini ipoe, tukaiwasha, nikapuliza maji kwa chupa kwenye maungio ya menifoldi na kichwa cha injini. Nilipofika nyuma mlio ukabadilika na mshale ukaruka. Inavuta hewa! Tafadhali, kwenye injini hii msipulize dawa ya kabureta, maana menifoldi ya moshi iko chini yake na ikipata moto dawa itawaka.

Chanzo kilikuwa mpangilio wa kufunga. Kwenye injini hii menifoldi ya hewa na ya moshi zimeungana kwa nati. Baba mdogo alizikaza zenyewe kwa zenyewe mezani, ndipo akazipeleka kwenye injini zikiwa zimepishana kidogo, na gasketi ikabanwa mbele tu. Tulizilegeza nati za kati, tukaweka gasketi nyingine, tukakaza kwenye kichwa cha injini kuanzia katikati kwenda pembeni, na zile za kati tukazikaza mwisho.

Kwenye sailensi kabureta inapitisha hewa kidogo sana, ndiyo maana tundu dogo linaharibu mchanganyiko wote. Ukikanyaga mafuta hewa inayoingia ni nyingi, na ile ya wizi haihesabiki. Laiti tungeliwaza hilo siku ya kwanza.

Mshale sasa umetulia kwenye 15, na unaweza kuweka glasi ya maji juu ya bamba la mbele.

Mpira uliokuja na geji ni mfupi na mgumu, nimeubadilisha. Vichwa vya plastiki havishiki vizuri, kimoja kimeshapasuka. Saa yenyewe ni imara na inasomeka hata juani. Ningeinunua tena, tena kabla ya ile kondensa. Jumamosi ninaipeleka gari Sikonge kuleta ndoo za msimu huu, na geji itakuwa chini ya kiti.